Walicheka pale tulipotaka waogope: taa, uigizaji na aina ya filamu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Moshi, tumetengeneza filamu fupi ya kutisha. Binti anarudi nyumbani Kiboriloni baada ya mama yake kuzikwa, yuko peke yake, na usiku anasikia mtu anatwanga kinu jikoni. Tulipoionyesha ukumbini, watu walicheka pale aliposikia kinu. Halafu kuna kipande cha mjomba mlevi anayetafuta viatu vyake kumbe amevivaa. Hicho tulikiweka ili watu wapumue kwa kucheka, na tulikipiga kwa mshumaa kwa sababu umeme ulikatika. Ukumbi mzima ukanyamaza. Wenzangu wengine wanalaumu skripti, wengine taa, wengine mwigizaji. Ni nini hasa kinachoifanya filamu iwe ya kutisha au ya kuchekesha? Na tukitaka kurekebisha, tuanze kwa kununua taa mpya?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni. Najua inavyouma kusikia kicheko mahali ulipopanga kimya. Nimeitazama filamu mliyonitumia, na vipande vya kinu na mjomba nimevirudia kuliko vingine vyote.

Niiondoe kwanza skripti kwenye lawama. Mchi unaotwanga usiku katika nyumba ambayo mwenye kinu amezikwa juzi, hilo peke yake linatosha kumsisimua mtu mwili mzima. Hamkuhitaji jini wala damu, na mlifanya vyema kutoviweka. Lakini hadithi ikiwa bado karatasini haijawa ya kutisha wala ya kuchekesha. Ushahidi ninaoupenda ni wa filamu mbili za ndege. Mwaka 1957 ilitoka Marekani filamu iitwayo Zero Hour!, ya taharuki tupu: marubani wanaugua angani kwa chakula kibovu, na abiria aliyewahi kurusha ndege za vita inabidi aitue ndege yeye. Mwaka 1980 waandishi watatu walionunua haki za hadithi hiyo wakatoa Airplane!, wakiwa na mkasa uleule na mistari mingi ya mazungumzo karibu neno kwa neno. Hii ya pili ni kichekesho kinachopendwa mpaka leo. Ni kweli waliongeza vituko vingi, lakini hata mistari ya zamani ambayo hawakuigusa inachekesha. Maneno ni yaleyale, aina ya filamu imegeuka.

Sasa tuje kwenu. Katika kipande cha kinu mliweka taa mbili za LED, moja kila upande wa kamera, zenye nguvu sawa. Na kwa jinsi mboni za binti zinavyong'aa pete ndogo nyeupe, mlikuwa pia na ile taa ya duara ya kupigia picha za simu, iliyokaa mbele yake kabisa. Uso wake hauna kivuli hata kimoja. Ukuta wa nyuma umejaa mwanga kiasi kwamba kalenda iliyotundikwa pale nimeisoma hadi tarehe. Halafu kinu kinalia, naye anatoa macho, anashika kifua kwa mikono miwili, anageukia kamera na kupiga ukelele, "Nani huyooo!"

Mtazamaji huisoma taa kabla mtu hajafungua mdomo. Hajifunzi darasani kuisoma. Ametazama video za harusi, taarifa za habari, tamthilia za jioni na vichekesho vya simu, na kwa miaka yote hiyo amezoea kwamba uso usio na kivuli na chumba kinachoonekana hadi kona ya mwisho ni mahali pa usalama. Akiona mwanga huo anatulia. Na anapotulia, kisha mtu akamtolea macho na kupiga ukelele, kitu kilichobaki kwake ni kucheka. Ukumbi wenu haukuwa na makosa. Taa yenu ilisema hiki ni kichekesho, mwigizaji wenu naye akasema hiki ni kichekesho, skripti ikabaki peke yake ikidai ni filamu ya kutisha. Kura mbili kwa moja.

Kwa mjomba kura zilipigwa vilevile, ila zikaangukia upande mwingine. Mshumaa mmoja, umewekwa chini karibu na kitanda, unamulika kidevu na tundu za pua na kutupa kivuli kikubwa ukutani kila anapoinama. Na mzee aliyeigiza sehemu ile, ambaye namsifu sana, hakufanya lolote la kuchekesha. Alivitafuta viatu kama mtu anayevitaka kweli. Katika mwanga ule na utulivu ule watu hawakumwona mlevi. Walikumbuka kwamba mjomba ni ndugu wa tumbo moja na marehemu, na mtu aliyemzika dada yake hajui hata miguu yake iko wapi. Mliandika kichekesho, taa na mwigizaji wakatengeneza msiba.

Hili ndilo jibu langu kwa swali lako la kwanza. Aina ya filamu huzaliwa pale taa na uigizaji vinapokubaliana, na vikikubaliana kinyume cha skripti, skripti hushindwa. Ndiyo maana kazi ya mwongozaji ni kuhakikisha makubaliano hayo ni yale aliyoyataka yeye.

Niieleze taa kwa undani kidogo, maana hapa ndipo wengi huishia kuambiwa tu kwamba filamu ya kutisha ni giza na vichekesho ni mwanga. Sisi wapiga picha tunapima tofauti kati ya pande mbili za uso. Upande wa taa kuu ukipata mwanga mara 2 ya upande wa pili, uso unakuwa wazi na wa kirafiki, na tamthilia nyingi za nyumbani na vichekesho hukaa hapo. Ukipata mara 8, ambazo ni stopu tatu za kamera (kila stopu huongeza mwanga mara mbili), nusu ya uso inazama na mtazamaji anaanza kujiuliza kuna nini kule. Sababu haiko kwenye rangi nyeusi yenyewe. Kichekesho kinatokea kati ya watu: fulani kasema, mwenzake kashtuka, wa tatu kadondosha sahani. Lazima tuone miili yote mitatu kwa pamoja, mikono na miguu, na tumwone anayesikiliza sawasawa na anayesema. Mwanga wa kuenea kila mahali unampa mchekeshaji uhuru wa kutembea popote bila kuingia kivulini. Filamu ya kutisha inahitaji kinyume chake, yaani sehemu ya chumba ambayo mtazamaji analazimika kuijaza mwenyewe kwa mawazo yake. Mkimwonyesha kila kitu, mmemnyang'anya kazi hiyo.

Wajerumani waliligundua hili mapema na wakalisukuma hadi mwisho. Katika Das Cabinet des Dr. Caligari ya mwaka 1920 vivuli vingine vilichorwa kwa rangi kwenye kuta za jukwaa. Miaka miwili baadaye, katika Nosferatu ya F. W. Murnau, kiumbe yule anapanda ngazi na sisi tunaona kivuli chake tu, vidole virefu vikitangulia. Baadhi ya mafundi na waongozaji wa Ujerumani walihamia Hollywood, wengi wao wakiwakimbia Wanazi, na filamu za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940 zikajaa nyuso zilizokatwa nusu na kuta zenye mistari ya mapazia ya dirishani.

Lakini kwa mtu wa kwetu kuna mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 1962 ilitoka Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa huku kwetu kaskazini mwa Tanganyika, na John Wayne akiwa kiongozi wa wakamataji wanyama. Mpiga picha alikuwa Russell Harlan. Ni jua la wazi, vumbi la nyanda, magari yakikimbizana na vifaru, na watu wanaotaniana mezani jioni kama marafiki wa siku nyingi. Hakuna anayeigiza kishujaa. Wanafanya kazi yao na kucheka, nasi tunajua tuko kwenye filamu ya kusisimua ambayo haitatuvunja moyo. Mwaka huohuo Harlan huyohuyo alitoa To Kill a Mockingbird, ya rangi nyeusi na nyeupe, ambamo watoto wananyemelea nyumba ya jirani usiku na kivuli cha mtu kinapita taratibu ukutani hadi kumfunika mvulana. Mary Badham, mtoto aliyekuwa hajawahi kuigiza filamu, haonyeshi woga kwa mikono wala kwa ukelele. Anatazama tu, na kutazama kwake kunatosha. Harlan aliteuliwa kuwania Oscar kwa filamu zote mbili, moja kwenye kundi la filamu za rangi na nyingine kwenye kundi la nyeusi na nyeupe. Fundi mmoja, mwaka mmoja. Mtu akiwaambia kwamba kila mpiga picha ana mwanga wake mmoja, mwonyesheni hizo mbili.

Nihamie kwa mwigizaji, ambaye ndiye anayenipa wasiwasi zaidi, kwa sababu taa inasogezwa kwa dakika tano na tabia ya mwigizaji haisogei hivyo.

Binti yenu ana kipaji, na sauti yake ni nzuri. Tatizo ni kwamba anaigiza kama mtu anayejua yumo ndani ya filamu ya kutisha. Taa inaruhusiwa kujua hilo. Muziki unaruhusiwa. Mhusika haruhusiwi. Yeye ni binti aliyemzika mama, amechoka, anataka kumaliza kukunja nguo alale. Akisikia kinu, jambo la kwanza atakalofanya mtu wa kweli ni kukataa kwamba amekisikia. Atadhani ni kwa jirani. Atapunguza redio. Atashusha pumzi ili asikie vizuri. Atajaribu kukumbuka kama mlango wa jikoni aliufunga. Ukelele, kama utakuja, utakuja baada ya njia zote hizo za kujidanganya kufungwa. Mtazamaji anaogopa katika dakika ile ambayo yeye ameshajua na binti bado anakataa. Mlipomfanya binti aogope sekunde ileile ya kwanza, mliimaliza dakika hiyo kabla haijaanza.

Na jambo hilohilo ndilo linaloendesha kichekesho. Waongozaji wa Airplane! walitaka waigizaji waliojulikana kwa kazi za uzito: Robert Stack, Lloyd Bridges, Peter Graves, Leslie Nielsen. Wakaambiwa waigize kama wako kwenye filamu ya maafa kweli. Hakuna anayekonyeza jicho. Marehemu King Majuto tuliyemzika mwaka 2018 alikuwa na siri hiyo pia. Mzee aliyemwigiza alikuwa mbishi, mchoyo au mpenda wanawake kwa moyo wake wote, na ubishi wake kwake yeye ulikuwa jambo la kufa na kupona. Sisi tulicheka kwa sababu yeye hakuwa anatania. Tena tazama jinsi alivyopigwa picha: mwili mzima, mchana au chumba chenye mwanga wa kutosha, ili tuone mikono ile na kiuno kile. Angewekewa taa moja ya pembeni, nusu ya sanaa yake ingepotea gizani.

Kwa hiyo utaniuliza, kama wa kutisha na wa kuchekesha wote hawajui wako kwenye filamu gani, tofauti iko wapi? Iko kwenye taa, na kwenye ukubwa wa tendo. Kuna filamu ya Mel Brooks ya mwaka 1974, Young Frankenstein, ambayo kila mwanafunzi wangu lazima aitazame. Ni kichekesho, lakini aliipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa vivuli vya filamu za kutisha za miaka ya 1930, na hata mitambo ya maabara iliyomo ni ileile iliyotumika kwenye Frankenstein ya mwaka 1931. Mwanga wote unasema ogopa. Watu waliomo wanagombana kuhusu jinsi ya kutamka jina. Hapo taa na uigizaji havikubaliani, na kutokubaliana huko kumepangwa kwa makusudi, ndiko kunakochekesha. Mngeweza hata ninyi kuchukua mwanga wa mshumaa wa mjomba, mkamwambia mzee yule ayaite majina ya viatu vyake kimoja kimoja kwa hasira, na ukumbi ungecheka. Lakini mjue mnachofanya.

Ukubwa wa tendo ni suala la umbali pia. Wengi wetu uigizaji tumeujifunzia jukwaani: maigizo ya shule, ngonjera, vikundi vya kanisani. Kule, aliyekaa mstari wa nyuma lazima aione huzuni yako, kwa hiyo unaitoa kwa mabega na mikono. Hiyo ni elimu halali na sitaki mwigizaji wenu aone aibu nayo. Ila kamera ikisogea hadi usoni na picha ikatupwa ukutani, kope moja inakuwa ndefu kuliko mkono wake. Tendo lililomfaa mtu wa mstari wa nyuma linakuwa kelele. Mrusi Lev Kuleshov, zaidi ya miaka 100 iliyopita, aliunganisha uso mmoja uliotulia wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na picha tofauti, sahani ya supu, jeneza, mwanamke, na habari zilizoachwa kuhusu jaribio hilo zinasema watazamaji waliona njaa, huzuni na tamaa, ingawa uso haukubadilika. Uso uliotulia humwachia mtazamaji nafasi ya kuweka hofu yake mwenyewe, na hofu yake ni kubwa kuliko yoyote mtakayomtengenezea.

Sasa nieleze jinsi ambavyo mimi ningekipiga upya kipande cha kinu kwa vifaa mlivyonavyo.

Zimeni taa ya duara na muirudishe kwenye boksi lake. Chukueni taa moja ya LED mkaiweke nje ya dirisha, juu kidogo, ipite kwenye majani ya mgomba kabla ya kuingia ndani. Itakuwa taa ya ulinzi ya jirani. Hakuna atakayeuliza imetoka wapi, kwa sababu kila nyumba ya sasa ina jirani mwenye taa ya ulinzi. Majani yatavunja mwanga na kuweka vipande vya kivuli ukutani, na upepo ukipita, ukuta utacheza. Taa ya pili iwe ndani, ndogo, ya rangi ya joto, karibu na binti, upande wa pembeni. Ile ya nje iwe kwenye Kelvini 5600 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), ya ndani 3200, na kamera yenu iwekeni katikati, kama 4300, ili nje paonekane pa baridi na ndani pa joto bila kuzidisha buluu. Buluu nzito ya mbalamwezi wa bandia nayo siku hizi inachekesha.

Msogezeni binti mbali na ukuta. Hili ni la bure na linabadilisha kila kitu. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni na ukuta uko mita 2 kutoka kwenye taa, ukuta unapata robo tu ya mwanga unaofika usoni. Ukiwa mita 4, unapata sehemu moja ya kumi na sita. Mlipomkalisha ameegemea ukuta, mliulipia ukuta mwanga sawa na uso, na ndiyo maana nikasoma kalenda.

Kuhusu ngozi, nina jambo la kusema kwa uchungu kidogo. Kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na ushauri mwingi wa taa tunaoukuta intaneti bado umetulia kwenye ngozi nyeupe. Kijana anaona uso wa mwigizaji wake umepotea gizani, anaongeza taa ya mbele, uso unakuwa bapa na wa kijivu, anaongeza tena. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga unaopita pembeni na kuteleza juu yake. Wekeni chanzo kipana, hata kitambaa cheupe kilichonyoshwa mbele ya taa, upande wa shavu, ili mng'ao wenyewe uchore mfupa wa shavu, paji na ukingo wa pua. Mpakeni mafuta kidogo, msimpake poda ya kuua mng'ao wote. Upande wa kivuli shikieni karatasi nyeupe ya manila mbali kidogo, mpaka jicho la pili lionekane kwa shida. Pimeni kamera kwa mng'ao wa shavu. Mkifanya hivyo chumba kinaweza kuwa cheusi kabisa na binti bado ataonekana, tena mzuri.

Msikipige giza kwa kupunguza tu mwanga wa kamera. Picha iliyokosa mwanga inajaa chenga, na kwenye projekta ya ukumbi wenye mapazia yanayovuja inakuwa ukungu wa kijivu. Giza zuri lina sehemu moja inayong'aa ndani yake. Kabla ya onyesho lijalo, nendeni na laptopu ukumbini mapema, mtazame dakika mbili za kipande hiki kwenye ukuta uleule.

Mwigizaji mpeni kazi ya mikono. Anakunja vitenge vya mama ili vigawiwe ndugu. Kinu kinalia mbali. Anaendelea kukunja. Kinalia tena, anasimamisha mikono, na kinu kinasimama. Anakunja, kinu kinaanza. Mwacheni agundue mwenyewe, taratibu, kwamba kinu kinafuata mikono yake. Mpigeni kwa mbali kwanza, awe mdogo ndani ya chumba, na msikimbilie usoni mpaka pale anapoamua kuacha kukunja. Akiinuka, awashe tochi ya simu yake. Basi atakuwa anajimulikia njia yeye mwenyewe, na kila anakoielekeza ndiko pekee tunakoona. Mwambieni asiogope. Mwambieni anataka kujua tu kama mlango wa jikoni ameufunga.

Kama mna ujasiri, kuna njia nyingine ambayo ningependa sana mtu wa Moshi aijaribu: kipigeni mchana kweupe. Mswahili anajua kwamba saa saba mchana, barabara zikiwa tupu, ina uzito wake. Ari Aster alitengeneza Midsommar mwaka 2019, filamu ya kutisha ambayo sehemu yake kubwa iko kwenye jua kali, kwa hiyo giza halikuwa sharti kamwe. Na sisi jua letu lina kitu ambacho watu wa Ulaya hawana. Moshi na Arusha ziko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Karibu wiki ya pili ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, kati ya saa sita na dakika ishirini na saa saba kasorobo mchana, jua linasimama juu ya utosi. Mtu akisimama uani saa hiyo, matundu ya macho yanakuwa meusi, kivuli chake chote kimejikusanya miguuni. Wapiga picha wa harusi wanakimbia saa hiyo. Ninyi ikimbilieni. Binti anaanua nguo, kinu kinalia jikoni, jua limemfuta macho. Katika mwanga kama huo uigizaji lazima upungue zaidi ya usiku, kwa sababu hakuna giza la kumsaidia, na ukelele wowote utawarudisha kwenye kicheko.

Angalizo moja la kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga: chini ya migomba mwanga unachujwa na majani na kuwa kijani, na kijani kwenye ngozi yetu kinaonekana kama ugonjwa. Kwa filamu ya kutisha mnaweza kuuacha. Kwa ya mapenzi, shikieni manila nyeupe kutoka uwazini iurudishe mwanga safi wa anga usoni. Na mawingu ya Juni hadi Agosti, yanayotufunika asubuhi nzima huku Arusha, ni zawadi kwa mapenzi na kwa huzuni ya kimya, kwani anga zima linageuka kitambaa cheupe. Kwa vichekesho pia yanafaa. Kwa kutisha yanalegeza kila kitu.

Mjomba msimguse. Msimpige upya, msimwongezee muziki wa kuchekesha kama mlivyoandika kwenye ujumbe wenu kwamba mnafikiria. Kile ndicho kipande ambacho mwanga na mtu vilikubaliana bila kulazimishwa, na kimewaonyesha kwamba filamu yenu ni ya msiba kabla ya kuwa ya kutisha. Kipangeni kabla ya kinu. Ukumbi ukishamhurumia mjomba, hautamcheka mpwa wake.

Swali la mwisho, la kununua taa. Msinunue. Mnazo tatu, na ile ya duara mlikuwa hamuihitaji. Pesa hiyo mlipeni binti siku mbili za mazoezi ndani ya nyumba ileile, jioni, bila kamera, akiwa na vitenge mikononi na mmoja wenu akitwanga kinu jikoni kwa nyakati ambazo yeye hajaambiwa.